Baada ya Jibu, Mama Anaelekea Wapi? Somo la Kupanga Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Dawati la afya la jumuiya yetu limeniomba niandike somo la toleo hili juu ya saratani ya mlango wa kizazi na namna nchi inavyopanga kuichunguza. Nilikubali haraka, kwa sababu somo lenyewe nilikuwa nimelifeli darasani wiki chache kabla.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa afya ya jamii alitupa zoezi: jifanyeni washauri wa Wizara ya Afya, mpange mpango wa nchi nzima wa kuwachunguza wanawake. Niliandika kurasa 9. Nilieleza kirusi, vipimo, matangazo ya redio, hata rangi za mabango. Mwalimu aliponirudishia kazi, nilikuta amepiga mstari chini ya neno moja tu kwenye ukurasa wa 4, pale nilipoandika kwamba mwanamke atakayeonekana ana tatizo “atapewa rufaa”. Pembeni aliandika kwa kalamu nyekundu: “Wapi? Lini? Kwa nauli ya nani? Nani atajua kama hakufika?” Alama 11 kwa 30.

Nilikasirika siku nzima. Usiku nikamkumbuka mama mdogo, hasira ikaisha.

Mama mdogo alichunguzwa. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu watu wengi hudhani wanaokufa kwa ugonjwa huu ni wale waliokataa kupimwa. Ilikuwa siku ya kambi ya afya kwenye senta ya biashara, mahema, muziki, fulana za bure. Alipanga foleni tangu asubuhi. Muuguzi alimpaka siki, akaona doa jeupe, akamwambia kuna kitu cha kutibiwa mapema na kisicho cha kuogopesha. Lakini mashine ya kutibia ilikuwa moja, na mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha tangu saa sita. Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Akarudi. Wenye mashine walikuwa wamekwisha hamia wilaya nyingine, na pale kituoni hapakuwa na orodha yoyote yenye jina lake. Wakamwandikia kikaratasi cha kwenda hospitali, safari ya mabasi mawili. Alikitia kwenye mkebe anamoweka kadi za mituweli, kikakaa humo. Hakuwa na maumivu. Mtu asiye na maumivu, mwenye watoto wanne na kibanda cha ndizi, apande mabasi mawili kutafuta nini?

Miaka mitatu baadaye alianza kutoka damu. Alipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umekwisha toka nje ya mlango wa kizazi. Tulimzika siku ya Jumatano baada ya Alasiri, Allah amrehemu. Katika ripoti ya kambi ile bila shaka amehesabiwa miongoni mwa waliofikiwa.

Basi hilo ndilo somo langu leo: kipimo ni hatua moja tu ya mpango, tena ndiyo hatua rahisi.

Ugonjwa wenyewe

Nitapita haraka hapa. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Aina zake ni nyingi, lakini mbili, namba 16 na 18, ndizo huleta takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Kirusi huenea kwa kugusana kimwili katika tendo la ndoa, na karibu kila mtu aliyewahi kushiriki tendo hilo hukipata wakati fulani wa maisha yake. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila mtu kujua. Kwa wanawake wachache hubaki, na kikibaki huanza kubadilisha chembe za mlango wa kizazi taratibu. Kutoka hapo mpaka saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano mwenye virusi vya ukimwi asiyetibiwa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu.

Miaka hiyo 15 ni rehema. Magonjwa machache hutupa muda mrefu hivyo wa kuyakamata yakiwa bado machanga. Pamoja na hayo, mwaka 2022 ugonjwa huu uliua wanawake wapatao 350,000 duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo zetu zimo.

Dada unayesoma makala hii, ikiwa ulisoma shule ya msingi hapa Rwanda, huenda unaikumbuka sindano ya darasa la sita. Nchi hii ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuanza chanjo ya HPV kwa nchi nzima, mwaka 2011, na zaidi ya wasichana 9 katika 10 waliolengwa walichanjwa mwaka ule wa kwanza. Wakati ule walikuwepo wataalamu walioandika kuhoji kama nchi maskini inapaswa kuanza na jambo hili. Leo wasichana wale wa kwanza wanakaribia miaka 30.

Lakini mama yako hakuchanjwa. Wala shangazi yako, wala yule mama anayetupikia maandazi nje ya geti. Chanjo humkinga binti ambaye kirusi hakijamfikia. Aliyekwisha kipata haimtibu. Kwa hiyo kizazi kizima cha mama zetu hakina kinga isipokuwa uchunguzi. Nchi imejiwekea lengo la mwaka 2027 kufikia kile ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaka ifikapo 2030: wasichana 90 katika 100 wachanjwe kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika 100 wapimwe kwa kipimo bora wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na 90 katika 100 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Watu hupenda kutaja 90 ya kwanza. Mama mdogo aliangukia katika 90 ya mwisho.

Jambo walilojifunza Waingereza kwa gharama kubwa

Mwalimu alitusimulia habari za Uingereza, nami naona zinafaa kurudiwa hapa. Wao walianza kupima wanawake katikati ya miaka ya 1960 kwa kipimo kilichotokana na kazi ya Dakta George Papanicolaou. Walikuwa na maabara, madaktari na fedha. Hata hivyo miaka ishirini ilipita bila faida iliyotarajiwa. Waliokuja kupimwa walikuwa mara nyingi vijana waliofika kliniki kwa shughuli nyingine, wakapimwa tena na tena, huku mama wa makamo walio katika hatari kubwa zaidi wakibaki majumbani. Na baadhi ya waliokutwa na tatizo hawakufuatiliwa.

Mwaka 1988 walibadilisha jambo moja ambalo halikuwa la kitabibu. Waliweka orodha katika kompyuta: kila mwanamke wa umri unaohusika anaandikiwa barua ya kuitwa, na muda wake ukifika anaitwa tena. Mwaka ule waliofikiwa walikuwa 42 katika 100. Kufikia 1994 walikuwa 85. Kipimo kilikuwa kile kile, na ugonjwa ukaanza kushuka.

Kumbe daftari lina kazi kuliko darubini. Na sisi orodha tunayo tayari! Kila kaya inayolipia mituweli majina yake yamo, pamoja na namba za vitambulisho, na kitambulisho kinaonyesha mwaka wa kuzaliwa. Kila umudugudu una washauri wake wa afya wanaojua nyumba ipi ina mama wa umri gani. Mpango ukianzia hapo, mwanamke anaitwa kwa jina lake. Ukianzia kwenye bango la barabarani, anaitwa yeyote mwenye nafasi siku hiyo.

Kipimo kipi

Viko vitatu vinavyotajwa sana. Kile cha Papanicolaou kinahitaji mtaalamu wa kusoma chembe kwa darubini, nao ni wachache. Kipimo cha siki ni rahisi: muuguzi anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa, anasubiri dakika moja, anatazama kama pamekuwa peupe. Jibu linapatikana hapo hapo. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea jicho, na muuguzi wa saa tatu asubuhi hana jicho la muuguzi wa saa kumi jioni aliyekwisha ona wanawake 80. Cha tatu hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Huko Osmanabad nchini India wanawake wapatao 131,000 waligawanywa kwa makundi ya vijiji kulinganisha vipimo hivi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba kupimwa kirusi mara moja tu kulipunguza vifo kwa karibu nusu baada ya miaka minane.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendelea kipimo cha kirusi: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa mwanamke mwenye virusi vya ukimwi kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Sisi mabinti wa chuo wenye miaka 21 hatumo, wala tusijipange foleni. Katika umri wetu kirusi huja na kuondoka, na kukitafuta ni kujitia hofu bure.

Hesabu niliyopaswa kuifanya

Tuchukue wilaya ya kubuni yenye wanawake 30,000 wa miaka 30 hadi 49 na vituo vya afya 15. Tarakimu hizi ni za zoezi tu, kila mtu abadilishe atakavyo. Asilimia 70 yao ni 21,000. Tukijipa miaka mitatu, ni 7,000 kwa mwaka. Gawa kwa siku 250 za kazi: 28 kwa siku katika wilaya nzima. Gawa kwa vituo 15: hawafiki wawili kwa siku kwa kila kituo.

Wawili! Nilipoiona hesabu hii nilicheka peke yangu maktaba. Nilikuwa nimepanga mahema na magari ya vipaza sauti kwa kazi ambayo muuguzi mmoja angeweza kuimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sasa tuseme, kwa mfano, 10 katika kila 100 wanakutwa na kirusi. Hao ni 700 kwa mwaka. Wengi wao wanaweza kutazamwa na kutibiwa pale pale kituoni kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachounguza sehemu iliyobadilika kwa joto, chini ya dakika moja kila mguso, bila mtungi wa gesi. (Mashine iliyomkosa mama mdogo ilikuwa ya kugandisha kwa baridi, na mitungi yake ni mizito na huisha.) Tuseme mmoja katika kumi hafai kutibiwa hivyo, lazima aende hospitali akatwe kinyama kidogo kipimwe. Hao ni 70 kwa mwaka, wilaya nzima.

Wanawake 70 wanaweza kujulikana kwa majina. Mtu mmoja mwenye simu na fungu la nauli anaweza kuwafuatilia wote mmoja mmoja. Lakini ukipima wanawake 600 katika siku moja ya kambi, unapata 60 wenye kirusi jioni hiyo hiyo, mashine moja, na gari linalotaka kuondoka kabla ya giza.

Na nyuma ya hao 70 lazima hospitali iwepo kweli. Rwanda ilifungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, na tiba ya mionzi ikaanza katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe mwaka 2019. Kabla ya hapo waliohitaji mionzi walipelekwa nje ya nchi. Anayepanga uchunguzi bila kuuliza wanapatholojia wako wangapi na majibu yao huchukua wiki ngapi, anaandaa foleni ya watu waliokwisha tiwa hofu.

Haya, na kosa la kusingizia

Sasa nifike mahali panapotuhusu sisi Waislamu hasa.

Juu ya sitara hatuna tatizo la dini, tuna tatizo la mpangilio. Mafaqihi wameruhusu kufunua uchi kwa ajili ya tiba, kwa kiasi cha haja na bila kuzidi, wakatanguliza mwanamke amtibu mwanamke; akikosekana, mwanamume muaminifu na mtu mwingine akiwepo. Mpangaji anayejua hivyo ataweka muuguzi wa kike na pazia zito, na mlango unaofungika kwa ndani. Kipimo cha kirusi kimetupa wepesi zaidi: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye brashi laini, nyumbani au nyuma ya pazia. Kwa mashine nzuri za maabara usahihi wake unakaribiana na sampuli iliyochukuliwa na muuguzi. Akikutwa na kirusi bado atahitaji kutazamwa, lakini hao ni wachache, na atakuja akiwa na sababu.

Jambo dogo lakini muhimu: Ramadhani. Kwa madhehebu ya Shafi, kuingiza kitu ukeni mchana hubatilisha saumu. Nimeona kalenda ya kampeni iliyoangukia Ramadhani nzima, na waandaaji wakalalamika kwamba mama wa Kiislamu ni wagumu kuelewa. Wangeuliza msikiti mmoja tu.

Lakini jambo zito ni lile jibu lenyewe. Mama anaambiwa “una kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana”. Anarudi nyumbani na karatasi. Mume anasoma, au anasomewa na kijana wake. Usiku ule nyumba inaweza kuvunjika.

Ndugu zangu wa kiume, hapa nawaomba msome polepole. Kirusi hiki kinaweza kulala mwilini miaka mingi bila dalili. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kilitoka kwa nani. Mwanamke aliyeolewa bikira, hajamjua mwingine, anaweza kukipata kwa mumewe, na mume akawa alikipata katika ndoa yake ya kwanza, halali kabisa, kwa mke aliyekuwa mjane, ambaye naye alikipata kwa marehemu mumewe. Nyumba tatu za ndoa, hakuna zinaa hata moja, na kirusi kimepita zote. Allah katika Suratun-Nur ameweka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na asiyewaleta ana adhabu ya mijeledi themanini. Karatasi ya maabara haifikii hata shahidi mmoja.

Kwa hiyo maneno ya jibu ni sehemu ya mpango, yaandikwe na kujaribiwa kabla kama dawa inavyojaribiwa. Mimi ningeandika: “Kipimo chako kinahitaji hatua ya pili. Njoo siku fulani.” Mengine aelezwe ana kwa ana, faraghani, na muuguzi aliyefundishwa. Yasitumwe kwenye simu ya nyumba ambayo mtoto ndiye huisomea familia. Na ikiwa mume ana wake wawili, wote wawili waitwe kwa umri wao, kila mmoja kivyake, pasiwe na wa kumnyooshea mwenzake kidole. Mashehe wetu wakilisema hili mara moja kwenye hotuba ya Ijumaa, kwa lugha ya heshima, litafanya kazi ambayo mabango yangu yote ya rangi yasingeifanya.

Niliirudia kazi yangu, kurasa 5 tu safari hii. Ukurasa wa kwanza unaanza na wale 70: majina yao yatakaa kwenye daftari gani, nani atalifungua kila Jumatatu, nauli itatoka fungu lipi, na wakishindwa kuja mara mbili nani ataenda kubisha hodi. Kipimo kimefika ukurasa wa 4.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu. Ana miaka 44 na hajapimwa kamwe. Tangu msiba wa mdogo wake hapendi hata kulisikia jina la ugonjwa. Aliniuliza mambo mawili: atamkuta mwanamke au mwanamume, na jibu likiwa baya atatibiwa na nani. La kwanza niliweza kulijibu. La pili nilimwambia anipe siku moja. Kesho yake nilikwenda kituo cha afya cha karibu na nyumbani, nikamwomba muuguzi anionyeshe daftari. Lina safu ya jina, kitambulisho, siku ya sampuli, siku ya jibu, siku ya tiba. Majina manne safu ya mwisho ilikuwa tupu, na mbele ya kila moja alikuwa ameandika kwa penseli namba ya simu ya mshauri wa afya wa kijiji. Wawili, alisema, wanakuja Alhamisi.

Nilimweleza mama hivyo hivyo nilivyoona, pamoja na yale majina manne. Akanyamaza kidogo, akasema atakwenda Jumanne, akishafunga kibanda.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.